Siku Nilianikia Nyuki Masega ya Zamani

Mulishaona mwanamuke muzee anakimbia mbele ya bakwe, kitenge imeanguka, amebakia na jupon ya ndani? Bon, ule muzee ni miye. Mucheke tu, hata miye ninacheka, ila mu roho ninalia.

Mujukuu wangu Neema alikuwa na mizinga mbili nyuma ya nyumba yetu hapa Buffalo, Amerika, moja ya nguvu, ingine zaifu, na ile zaifu njo alikuwa anaipenda, juu nyuki zake alizitoa mwenyewe mu muti ya jirani, zikiwa kikundi kidogo kama tunda ya avoka. Siku ya dot, ile ya mahari ya dada yake, asubui, akatoa mu mizinga masega ya zamani, yale meusi nyuki zilishazalia ndani mpaka yakachoka.

"Koko, hii inaleta magonjwa. Zitajenga mupya. Tia mu sachet ya plastiki, funga, usiache inje," akaniambia miye bibi yake.

Akaenda kuoga. Miye naangalia, naona asali kidogo ingali inangaa. (Kule kwetu mu milima, sega ya zamani njo tulikuwa tunapakaa mu muzinga mupya, nyuki zisikie harufu zikuje, donc mutoto wa juzi atanifundisha nini?) Nikasema acha zilambe asali yao kwanza, nikayaanika juu ya kiti, pembeni ya ile muzinga zaifu.

Aï! Bakwe banafika, bengine Columbus, bengine Louisville, tunaimba, na nyuki zinakuja, za ile muzinga ya nguvu, za sijui wapi, zikamaliza asali ya kwa kiti, kiisha zikaingia kwa zile zaifu kuiba, bita! Muzee wa bakwe anasimama aseme maneno ya ngombe, moja ikamuuma kwa mudomo. Ingine ikaingia mu kitenge yangu. Nilikimbia miye!

"Mama," mukwe mumoja akalalamika, "tulikuja kuomba binti, hatukuomba kuona ya bibi!"

Batu bakacheka mpaka machozi. Dot tukaimalizia ndani ya nyumba, muzee anasema "ndiyo" na mudomo yenye kuvimba.

Neema hakucheka. Nilimukuta amepiga magoti mbele ya ile muzinga yake, nyuki zimekufa zimejaa mu majani, malkia naye haonekani, na muzinga imenyamaza kabisa.

"Nisamehe, mama yangu. Miye na masega, basi, sitagusa tena," nikamuambia.

Siku zikapita, ananisalimia tu kama mugeni. Kiisha jioni moja akaniletea chai, akakaa.

"Koko, teluji ikiisha nitaleta nyuki zingine. Nakuahidi, malkia yao nitamupa jina yako. Tuone kama ule naye utamuua."