Baba Alivyoitikia Yowe

Baba yangu alipigwa risasi kwenye kibaraza chake mwenyewe, Kiruruma, asubuhi watu wakikamua ng'ombe. Aliyempiga ni askari polisi. Nalisema mapema kwa sababu nimewachoka wanaolizungukazunguka, ati "lile tukio", ati "ile bahati mbaya".

Bunduki alikuwa nayo, sikatai. Ilikuwa shotigani kuukuu ya kulindia ng'ombe, na kila mwaka aliipeleka kituoni ikakaguliwe na kulipiwa leseni. Askari waliizoea hata wakawa wanamtania: "Mzee, hii nayo bado inalia?" Anacheka, anarudi nayo nyumbani.

Waliokuja asubuhi ile walitoka kituo hichohicho. Walivaa kiraia, wakimtafuta mwizi wa mifugo, na hawakupita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wakaingia kwa jirani yetu, wakamburuta nje. Mkewe alipoona wanaume asiowajua wamemkaba mumewe, akapiga yowe. Kwetu yowe, enduru kwa Kinyambo, halisikilizwi mtu akiwa amekaa. Unatoka na ulicho nacho, fimbo au panga. Asiyetoka huhesabiwa mwenzao wezi, na kesho yake hata moto wa kuomba kwa jirani hapewi. Wanaovaa magwanda huku wanalijua hilo, au wangeuliza wakaambiwa.

Baba alitoka na alichokuwa nacho. Mama alikuwa zizini, aliona yote. Mtutu ulielekea chini. Risasi ilitokea upande wa pili wa ua wa minyaa ikampata kifuani, na neno "polisi" lilisemwa wakati yeye ameshaanguka.

Mchana redio ikatangaza kwamba jambazi mwenye silaha ameuawa. Jambazi, mzee wa kanisa aliyenichapa kwa kuokota parachichi la jirani. Nilitamani kuivunja ile redio, ila ilikuwa yake.

Siku ya mazishi mkubwa wa kituo alikuja na gari na sukari ya rambirambi. Mama alikuwa akipitisha kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha kila anayeingia, hata adui. Alipomfikia, akamruka. Watu wote waliona, nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Tulipofika kaburini, kule migombani, mkubwa akaomba kusema neno. Akasema uchunguzi unaendelea.

"Afande," Mama akamwuliza, "tunayemzika hapa ni jambazi au ni nani?"

"Mama, tuvute subira."

"Basi mimi mume wangu simziki kwa jina hilo."

Akaketi juu ya udongo uliochimbuliwa. Wanaume waliokuwa na majembe wakayalaza chini, nao wakaketi. Mchungaji akafunga kitabu chake. Jua likapanda, jeneza liko pale pale, hakuna aliyenyanyuka. Mkubwa akaligeukia gari lake, lakini kati yake na gari ulikuwa umekaa ukoo mzima.

"Silaha ilikuwa halali," akasema, macho kwenye viatu.

"Sema na wa nyuma wasikie. Risasi yenu waliisikia wote."

Akarudia kwa sauti. Kwamba mzee hakuwa jambazi, kwamba silaha yake ilikuwa na leseni, kwamba aliuawa akiwa nyumbani kwake bila kumwelekezea mtu. Mama akasimama, akakung'uta kanga, akawaambia wanaume washushe jeneza.

Aliyefyatua yuko kazini bado, na kijiji kizima tunamjua. Juzi nilikutana naye sokoni Kayanga. Ni kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. "Shikamoo, dada," akaniambia kwa adabu. Marahaba huwa simnyimi hata mlevi. Nilimkazia macho mpaka akainamisha kichwa, kisha nikaenda zangu kununua chumvi, na hadi leo hajaitikiwa.