Mluzi Uliochechemea

Nyumbani kwetu Bugarama mwanamke hakupiga mluzi. Nilijifunza hilo kwa midomo yangu mwenyewe. Nilikuwa mdogo, nimetumwa shambani kufukuza ndege kwenye mpunga, na bibi aliponisikia nikiwafukuza kwa mluzi kama kaka zangu, alinichapa mdomoni kwa kiganja kilichokuwa bado na unga wa muhogo. Msichana akipiga mluzi, alisema, anaita msiba nyumbani. Niliendelea kupiga, mbali naye kidogo. Msiba ulikuja kwa njia zake, na hakuna mtoto aliyeuita.

Baada ya vita wanaume wengi wa bonde letu hawakuwepo tena. Baba alikuwa amekufa. Ng'ambo ya mto Rusizi, upande wa Kongo, vita vingine vilikuwa vinaendelea, na siku zisizo na upepo tulisikia milio yake milimani. Sisi wanawake tulipanda kwenye machimbo ya mawe ya chokaa kule Muganza tukashika nyundo. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Mama alivunja mawe upande wangu wa kulia, vumbi jeupe limemkaa kwenye kope na nyusi, akawa ajuza kila mchana na kurudi kuwa mama yangu jioni alipooga.

Tulikuwa na sendika, chama chetu cha wafanyakazi. Wanawake tulikuwa wengi kuliko wanaume, na kwenye kamati tulipewa kiti kimoja: mshauri wa akina mama. Kazi ya mshauri ilikuwa kuleta soda wageni wanapofika na kuanzisha wimbo. Aliyetusemea mbele ya bosi aliitwa delege, na delege aliongoza kwa mluzi. Filimbi ya chuma ilikuwa ya kapita, msimamizi wa bosi; ikilia, tunaanza kazi. Mluzi wa mdomo ulikuwa wetu. Mmoja mrefu: njooni tuongee. Miwili mifupi: nyundo chini. Mwamba ukilegea juu yetu, au mwenzetu akionewa, delege alipiga miwili, na mikono iliachia vyuma kabla kichwa hakijauliza kwa nini.

Mwaka ule kapita alianza kuwafukuza wenye mimba. Jirani yetu alificha yake kwa kujifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, mpaka siku cha juu kilipofunguka akiwa ameinama. Alirudishwa nyumbani kabla ya saa sita. Tulikwenda kwa delege, mzee mpole mwenye kifua kibovu.

"Bamama, hiyo ni mambo ya nyumba," alisema. "Sendika inaangaliaka mambo ya kazi."

"Ile nyundo alikuwa anapigia nyumbani, Papa?" mama akamuuliza.

Mzee alikuwa anaacha udelege kwa sababu ya kifua chake. Jumamosi ya uchaguzi, tukiwa tumekaa juu ya mawe, mama alisimama akasema anakitaka kiti hicho, na kwamba jambo lake la kwanza litakuwa kumrudisha jirani yetu kazini.

"Maman, delege anapigaka mluzi," mzee alisema, bila ubaya. "Na mwanamuke akipiga mluzi, anaua bwana wake."

"Wangu alishakufa, Papa. Huu wangu utaua nani?"

Kisha sauti ya mwanaume ikatoka nyuma: "Basi apige, tusikie."

Mama akakunja midomo. Ulitoka upepo mtupu, kama wa mtu anayepoza uji.

"Mulete kikombe," yule wa nyuma akasema. "Uji ya Maman iko moto."

Wanaume walicheka hadi wakashika magoti. Uchaguzi ukasogezwa Jumamosi iliyofuata, ili Maman, walisema, apate muda wa kutafuta mluzi wake. Njiani nilimwambia mama neno moja tu: nitakufundisha.

Kila alasiri baada ya kazi tulisimama kwenye tuta la mpunga, mimi nikipiga, yeye akipuliza. Chokaa ilikuwa imempasua midomo. Akiikunja, inatoa damu. Siku ya tatu nilimwona bibi anakuja na fimbo yake, nikanyamaza na kufunika mdomo kama mtoto. Alisimama mbele ya mama. Aliitazama ile midomo, akatoa kichupa cha mafuta ya mawese ndani ya nguo zake.

"Midomo mikavu haitoi kitu," alisema. "Na huo ulimi uushushe."

Alirudi zake nyumbani. Hatukumuuliza alijuaje.

Ijumaa, siku moja kabla ya uchaguzi, jirani yetu alipanda machimboni na kitenge kimoja, tumbo mbele, akakaa mahali pake na kuchukua nyundo. Kapita alimfuata, akamnyang'anya nyundo na kumwonyesha barabara kwa kidole. Mzee aliinua mkono kifuani, akakohoa. Huenda angepiga. Sijui. Mama alikuwa ameshalamba midomo.

Ilitoka miwili mifupi. Ilikuwa mibaya, wa kwanza mwembamba, wa pili umekatika katikati, na machimbo yote yakanyamaza. Yule wa uji naye alikuwa ameshaangusha nyundo yake. Nilimwona akitazama mikono yake mitupu kama ya mtu mwingine. Mikono ilikuwa imetii kabla ya kujua imeitwa na nani. Halafu akainua macho, akamwona mama amesimama juu ya mwamba, na hakuinama kuiokota.

Kapita alipuliza filimbi yake mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipuliza tena. Nilisikia maji ya mto chini kule, jambo ambalo sikuwahi kulisikia mchana. Mwishowe alimrudishia jirani yetu nyundo yake, kwa upande wa mpini, akaondoka. Ndipo mama alipoketi, nasi tukaanza tena kuvunja mawe.

Jumamosi mzee alikuwa wa kwanza kuinua mkono kumchagua mama.

"Mluzi yako inachechemea, Maman," alisema.

"Lakini ilifika, Papa."