Majani Yaliyokatwa Kabla ya Msimu

Kahawa iliyolazwa kwenye pipa usiku kucha ina harufu kali, kama pombe iliyoanza kuchacha, na mpaka leo nikiisikia nageuza njia. Msimu ule wanunuzi binafsi walikuwa ndio kwanza wameruhusiwa. Magari yao yalipanda Mbinga kutoka Kitai kila siku, na kila nyumba ilitaka kahawa yake iwe tayari kabla ya jirani. Kwa hiyo sisi wasichana tulishuka mtoni alfajiri kuosha buni, baridi ikituuma vidole, tukipita kando ya shamba lililopumzishwa ambalo majani yake yalitupita urefu. Majani yale hayakuguswa ovyo. Yalisubiriwa mpaka mvua za Machi, yafyekwe na kulazwa miraba miraba, ndipo tuchimbe ngolo, yale mashimo yetu Wamatengo ambayo kingo zake hupandwa maharage na mahindi.

Mashine ya kumenyea kahawa ilikuwa ya jirani yetu Kasiani, mtu mpole, msoma masomo kanisani, ambaye wazazi walimwachia watoto bila wasiwasi. Asubuhi moja dada yangu Sabina, aliyekuwa darasa la saba, alibaki nyuma pale mashineni kumalizia ndoo yetu. Alirudi mikono mitupu. Alimwambia mama kwamba Kasiani amembaka, na jina alilitaja waziwazi, mimi nikiwa nimesimama pale pale jikoni. Mama alilia, kisha akafanya alivyofundishwa na mama yake: akachemsha maji ya majani ya dawa, akamwogesha, nguo akazichoma. Baba akaita ndugu zake. Kasiani akaleta mbuzi na pombe, wakakubaliana yaishie hapo, kwani kwenda hospitali ni kumtangaza mtoto. Sabina hakuulizwa neno. Nilimchukia baba siku ile, na sina hakika kama nimewahi kuacha.

Minong'ono haikuzuilika, basi wazee wakatoa habari nyingine, kwamba ni mgeni, mmoja wa watu wa magari, aliyejificha kwenye majani. Sista wa zahanati akaitisha mkutano. Alisema ubakaji unakula afya ya kijiji kizima kama kipindupindu, kwamba mtoto apelekwe hospitali kabla hajaogeshwa, asadikiwe, na aliyemdhuru apelekwe polisi. Watu waliitikia kwa vichwa, wakaamua kukata majani. Kufyeka majani ya ngolo kabla ya msimu si jambo dogo kwetu, ni kukubali kulima vibaya mwaka unaofuata, na kila mtu alijiona ametoa kitu kikubwa. Kasiani alikuja na fyekeo lake, akafanya kazi kuliko wote, akashukuriwa. Sabina alikuwa mlangoni anamtazama. Sista alimsogelea mama, akamwuliza kwa sauti ya chini.

"Mama Sabina, ni majani yaliyomfanya mtoto hivi?"

Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kufunga matita. Kabla ya mahindi kuota, Sabina alipelekwa Liuli kwa shangazi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Kasiani tulimzika kwa kwaya. Siku hizi uani kwangu kuna bomba, shuleni watoto wanafundishwa kusema, na polisi wana dawati la mambo hayo. Nilijua tumefika mbali. Krismasi iliyopita nilimpeleka binti yangu Liuli, nikamkuta Sabina ufukweni anaanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Nikamwambia, kwa fahari kidogo, kwamba huyu mtoto hajawahi kushuka mtoni wala kupita kwenye majani. Dada aligeuza usipa wake mpaka mwisho wa kichanja, kisha akamwuliza mtoto, si mimi.

"Mama akitoka, nyumbani unabaki na nani?"

Binti yangu akamtaja jirani yetu. Nami nikajikuta nimeshafungua kinywa kumwambia dada kwamba huyo ni mtu mpole sana.