Karani Alipopelekwa Kasulu

Juzi niliingia duka la pembejeo kununua dawa ya kupe kwa ajili ya mbuzi wangu. Mwenye duka alipofungua kopo nihakikishe halijachakachuliwa, ile harufu ikanipanda puani, kali, ya kati ya mafuta ya taa na machungwa yaliyooza, nami nikarudi nyuma hatua mbili. Akadhani bei imenishtua. Nikamwacha adhani hivyo, akapunguza. Lakini wewe nitakwambia ukweli: nilikuwa nimerudi kwenye chumba kimoja nyuma ya soko la Kasulu, nina miaka kumi, nimeshika miguu ya nyuma ya paka.

Paka huyo aliitwa Karani. Nyumbani kwetu Kibondo, miaka ile ya tisini, Mama alikuwa anauza maharage, na Karani aliyakalia magunia tangu asubuhi, macho nusu, kama mtu aliyeajiriwa kuandika kila kinachoingia na kutoka. Panya walioandikwa hawakuonekana tena. Baba alikuwa kwenye chumvi kule Uvinza na alikuja mara chache, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu, mmoja wao akiwa na mkia.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba anaumwa. Nilikuwa na tabia, na bado ninayo, ya kuhesabu kila kitu mara mbili, hata ngazi za kanisa. Karani alipenda kulala chali mapajani pangu, nami nikawa namhesabu matiti. Manane, manne kila upande. Siku moja nikakuta lile la tatu la kushoto limepata mwenzake asiyekuwamo kwenye hesabu, kitu kigumu chini ya ngozi, kama punje ya harage. Nikarudia. Kilikuwapo. Nikanyamaza, nikitumaini kitaondoka chenyewe. Mvua zilipokwisha kilikuwa kama limau changa, na ngozi juu yake ilikuwa inang'aa.

Jina lake nililijua. Ugonjwa huo ulikuwa umemuua mke wa mwalimu mmoja, na shuleni tuliambizana kwamba kansa ina mizizi kama muhogo, ukiing'oa hapa inachipua kule, na kwamba ukiitaja mara mbili inakusikia. Kwa mtu wa kurudia kila kitu, hiyo ilikuwa hatari kubwa. Nililitaja jina mara moja tu kichwani, kisha nikakaza meno. Kila nilipooga nilijipapasa kifua, kikavu kama ubao wa kufulia, nikitafuta limau langu, maana nilikuwa nimelala na Karani tangu sijajua kusoma.

Hata siku nilipokwenda kumwambia Mama nilimkuta bafuni, lile bafu letu la mabua lisilo na mlango. Alikuwa amesimama tu, sabuni mkono mmoja, mkono mwingine chini ya ziwa la kulia, hasogei. Nilidhani amesahau kama ameshajipaka. Nikasubiri nje, nikamwambia alipotoka.

Nilitegemea anifukuze, kwamba paka ni paka. Badala yake alichuchumaa na kanga yake mbichi, akaweka kidole pale pale, akakiacha.

"Kilianza kikiwa kidogo?" akauliza.

"Kama punje ya harage."

"Na ulikaa nacho kimya?"

Nikainamisha kichwa. Hakunipiga. Alisema, "Tutampeleka Kasulu. Nasikia kuna daktari wa ng'ombe anayepasua."

Sasa, sisi Waha hatusalimiani kwa kupungiana mkono na kupita. Mwanamke huinama, hupiga makofi polepole, huuliza habari za watu, za mashamba na za wagonjwa, makofi yakiendelea. Mama alikuwa fundi wa salamu hiyo. Lakini miezi ile alikuwa anaikatisha, kiwiko cha kulia kimebana mbavu kama mtu aliyeficha kitabu kwapani. Jirani yetu Mama Joza, ambaye hakuna kilichompita, aliliona hilo.

"Siku hizi makofi yako mafupi, Mama Neema. Umepata cheo?"

"Nimepata safari. Naenda Kasulu, paka anaumwa."

Mama Joza akakaa chini kabisa. "Mgongo wangu una mwaka wa tatu, hujanisindikiza hata zahanati. Kumbe ningeota mkia."

"Ota, tuongozane. Lakini na wewe uanze kukamata panya."

Alicheka, na mtaa mzima ukacheka wiki nzima. Mama aliwaacha wacheke. Nilimwonea fahari, nikiamini amekubali aibu yote ile kwa ajili ya paka wangu.

Tulipanda lori lililokuwa linarudi tupu kutoka kupeleka chakula kambi za wakimbizi. Utingo alitaka nauli ya Karani. Nikamwambia kama paka ni abiria, basi apewe nafasi mbele kwa dereva, na kama ni mzigo, mbona hajapimwa. Akaniambia nikikua nitafungwa, akaacha. Huo ndio ushindi wangu wa mwisho siku hiyo. Njia nzima vumbi jekundu liliingia kapuni, na Karani, aliyekuwa analia tangu Kibondo, akanyamaza ghafla. Nikaingiza mkono. Bado alikuwa wa moto. Nikaingiza tena. Nadhani niliuingiza mkono ule mpaka tunafika.

Daktari wa ng'ombe alikuwa kijana mnene mwenye mabuti ya mpira, na chumba chake kilinuka dawa ya kupe mpaka machozi. Alimlaza Karani kwenye meza ya bati, akambonyeza mara tatu.

"Kansa hii," akasema, kama mtu anayetaja aina ya kiazi. Nikaziba masikio. Niliona midomo yake ikilisema tena.

Nilipozibua alikuwa anamwambia Mama, "Akiachwa hivi, miezi mitatu."

"Sita," nikasema.

"Nini?"

"Fanya sita."

"Binti, hapa si sokoni."

"Mitano basi, na nitamlisha dagaa."

Hakucheka. Kama angecheka ningejua kuna nafasi ya kupunguza. Muuzaji asiyecheka na asiyekasirika hana bei nyingine, hilo nilikuwa nimelijua tangu nikiwa na miaka saba, na hapo nikaacha kutaja miezi.

"Akikatwa je?" Mama akauliza.

"Anaweza kufia hapa mezani. Anaweza kupona. Dawa ya ganzi niliyonayo ni ya ndama, nitakadiria."

Neno kukadiria liliniogopesha kuliko kisu.

Mama alikuwa hajamaliza. Alishika ukingo wa meza. "Na kama mtu angewahi? Kikiwa bado kama punje ya harage, hakiumi, kiko upande wa kulia?"

"Ni limau, Mama," nikasema. "Na ni kushoto."

Hakunitazama. Daktari ndiye aliyemtazama yeye, akakiweka kisu chini. Alipojibu, sauti haikuwa ile ya viazi.

"Cha punje ya harage hakilali, mama. Kinapelekwa hospitali kesho yake."

Nikaona daktari naye amechanganyikiwa, paka gani anapelekwa hospitali. Ningemsahihisha na yeye, ila Mama alikuwa amesema, "Kata."

Nilishika miguu ya nyuma. Nilihesabu pumzi za Karani, kwa kuwa hakukuwa na kitu kingine cha kuhesabu, na zilikuwa zinaachana zaidi na zaidi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kisha hakuna. Nikasubiri kumi na tatu nikiwa nimefumba macho, nikiahidi vitu nisivyokuwa navyo kwa yeyote anayesikiliza. Ikaja, ndogo, kama mtu anayepuliza chai. Nilipofumbua macho, nilimwona Mama. Mimi nilikuwa nimegeuza uso, yeye hakugeuza. Alifuata kile kisu kilivyoingia, kilivyozunguka, sindano ilivyorudisha ngozi, kwa makini kama mtu anayefundishwa kushona. Halafu akauliza, "Ataweza kutembea kama zamani?" na "Kinarudi?" na "Watu watajua?" Swali la mwisho nililiona la ajabu, maana Kibondo nzima ilikuwa inajua.

Karani alibaki na matiti sita. Nikarudia. Sita.

Tulilala kwa mteja wa Mama wa maharage, na asubuhi, kabla ya kutafuta gari, Mama alisema tupitie Kabanga, kuna mtu wa kumsalimia hospitalini. Aliniacha nje ya ukuta na kapu. Nilikaa mpaka kivuli cha ukuta kikaniishia miguuni. Nilinuna. Salamu gani hiyo, na mgonjwa wangu yuko juani? Alipotoka alinuka spiriti, akaninunulia muwa bila kuombwa na bila kubishana bei. Ningepaswa kuogopa hapo hapo. Mama hakuwahi kulipa bei ya kwanza.

Mwezi uliofuata alikwenda Mwanza kumuuguza ndugu, akaniacha kwa Mama Joza, na nikawa nimekasirika kwa sababu hakumwacha paka na maagizo ya kutosha. Alirudi amekonda, anavaa blauzi zilizofungwa mpaka shingoni. Makofi ya salamu aliyaanza upya polepole, yakarudi karibu na urefu wake wa zamani. Karani aliishi miaka minne zaidi. Mimi nilikuwa nimeomba miezi sita.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, Mama alipovunjika nyonga na ikawa mimi wa kumwogesha. Miaka yote hiyo alikuwa anaoga peke yake, nami nikadhani ni haya za wanawake wa zamani. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikamvua blauzi, na kitambaa kilichokunjwa kama mpira kikaanguka sakafuni kutoka upande wa kulia.

Kwa maisha yangu yote nimehesabu kila kitu mara mbili. Pale nilihesabu mara moja.

Nilichukua sabuni. Nikamwosha mgongo kwanza, kwa kuwa mgongo hauna macho. Yale makofi, kiwiko kile, bafu la mabua, mtaa uliocheka wiki nzima. Vyote vilikuwa vinapita na mimi nimesimama nyuma yake na kitambaa cha kuogea kinachodondosha maji. Aliogopa peke yake tangu Kibondo mpaka Kasulu, amekaa karibu nami ndani ya lori lile, mkono wangu uko kapuni.

"Umenyamaza," akasema.

"Nafikiria Karani."

Akajifuta maji usoni.

"Nilisema kulia," akasema. "Ukanibishia mbele ya daktari."