Sifuri Niliyoipa Njia ya Pinga

Kazi yangu ni kupima njia za miguu vijijini na kuzipa alama. Wiki iliyopita nilifika Pinga kwa pikipiki, nikiwa na viatu vipya na kiburi cha kutosha. Njia inayopanda kwenye kituo cha afya niliitazama nikiwa chini tu. Ilikuwa udongo mtupu, imesimama kama ukuta. Nikaandika kwenye fishi, karatasi yangu ya alama: "Haipitiki kwa mzigo. Sifuri."

Nilipoanza kupanda niliteleza, kifundo cha mguu kikavimba papo hapo. Wanaume wanne waliokuwa wakipalilia maharagwe kando wakaja na tipoyi, machela yao ya mianzi, wakanibeba kwa njia ileile. Mvua ikaanza kunyesha, lakini hakuna aliyeteleza. Kila unyayo ulitua kwenye kidato kilichochongwa kwa jembe siku za salongo, kazi ya kijiji kizima. Mimi huko juu nilielea kama askofu. Nilistaajabu hadi maumivu nikayasahau.

Mama mmoja aliyepanda nasi akinishikia fishi akaisoma kwa sauti. Tipoyi ikasimama.

"Papa," mbebaji wa mbele akauliza kwa upole, bila kugeuka, "kama hii njia haipitike na muzigo, weye uko nini?"