Fundo Langu Kwenye Tangi ya Mazuti

Kamyo yangu ya mizigo ilizoea kuzimika kwenye barabara ya Nyunzu, na kila mara ilipona kwa dawa tofauti. Mara ya kwanza fundi alisafisha filtre, chujio la mazuti ya injini, ikawaka. Mara ya pili mama wa kwaya, waliokuwa wamekaa juu ya magunia yangu, walishuka wakaiombea. Ikawaka, nao wakapanda tena kama vile kamyo ni yao. Mara ya tatu niliitukana mimi mwenyewe, matusi ya sokoni, na hapo pia ikawaka. Inatembea nusu saa, inakohoa, inakufa tena.

Kila ilipozimika, jambo la kwanza nilikuwa nafungua tangi ili watu waone kwamba mazuti ipo. Nilifungua kwa mkono wangu, maana fundo lilikuwa langu. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimepotea. Mimi ni muuza mawese. Nimepakia bidoni za mawese kwenye boti za Kigoma miaka mingi, na hakuna tone lililowahi kunimwagikia. Plastiki mbili juu ya mdomo, mpira wa tairi unauzungusha mara saba, halafu fundo alilonifundisha mama yangu. Tangi niliifunga vilevile. Wengine niliwaambia nazuia vumbi. Uongo! Nilikuwa namshuku shofere wangu.

Alikuwa baba wa makamo, mpole, mimi namwita Papa, tumefanya kazi pamoja miaka sita. Upole wenyewe ndio ulionitia wasiwasi. Mtu asiyelalamika, nilijiuliza, anakula wapi?

Siku moja ilizimika mlimani, soko la Nyunzu likatupita. Nilirudi Kalemie nikiwa nachemka. Pale parkingi, mbele ya vijana wa pikipiki na mama wauza ndagala, nikapaza sauti: "Papa, unauza mazuti yangu, unaongeza maji! Njo maana kamyo inakufa. Toka!"

Aliweka ufunguo juu ya gunia, akavaa kofia yake, akaenda. "Munaona?" nikawaambia watu. "Mwizi hana neno."

Shofere mpya alikuwa na maneno mengi sana. Kamyo ikamzimikia kabla hatujaacha mji nyuma. Nikamwita fundi, naye safari hii hakunisubiri nifungue. Alikata mpira kwa kisu. Tangi ikavuta pumzi, fyuuu, sote tukasikia.

"Ni nani alifunga hivi?" akauliza. "Mazuti ikitoka, hewa lazima iingie. Huyu muntu alikuwa ananyonga mashine!"

Nikageuka kuangalia ziwa, utafikiri sijawahi kuliona. Kumbe filtre haikuwa na kosa, na maombi ya kwaya sijui niyaweke wapi. Kila nilipofungua tangi kuonyesha mazuti, nilikuwa naingiza hewa bila kujua. Halafu nafunga tena, kwa ustadi wangu wote.

Nilimkuta shofere wa zamani nyuma ya nyumba yake, analima mihogo.

"Papa, ulijua?"

"Nilijua, Mama. Nilisikia tangi inavuta, ile mara ya pili."

"Na ukanyamaza!"

Akaegemea jembe. "Ningekuambia tuache tangi wazi kidogo, ungesema nini?"

Nilijua ningesema nini. Ningemwita mwizi, tena kwa sauti.

Alikubali kurudi kazini, lakini kwa sharti moja. Kanisani kwao yeye ndiye aliyekuwa akishika kikapu cha sadaka, na tangu maneno yangu ya parkingi wamempa mtu mwingine. Alitaka niende kulekule, niseme ukweli.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa zima. Mimi, ambaye sokoni hakuna anayeniweza kwa mdomo, nilianza kwa sauti ya chini. Niliona haya, haya kabisa. Nikaeleza habari ya mpira, ya fundo, ya hewa, na nikaona nyuso zinanitazama bila kuelewa. Basi nikakata maneno: "Papa huyu hakuiba kitu. Kosa ni langu." Wakapiga makofi, mama wakapiga vigelegele. Nikashusha pumzi.

Mlangoni mama mmoja mzee alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. Shofere wangu alikuwa nyuma yangu hapo hapo, anasikia kila neno.

"Mungu akubariki, Mama," akaniambia yule mama mzee. "Kusamehe mwizi si kazi ndogo."