Nguo ya Watu Watatu

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, mwaka 2016, haijanitoka kichwani mpaka leo, na ujumbe ulionitumia juzi umeirudisha mbele yangu kama ilivyokuwa. Umeniandikia kwamba umealikwa kwenye sherehe ya uchumba ya rafiki yako, kwamba baridi imeanza kuingia, kwamba kabati limejaa na huna cha kuvaa. Mwanangu, kaa kidogo nikusimulie. Nakuita mwanangu ingawa nimekuzidi miaka michache tu, kwa sababu mama yako ni dada yangu, na kwetu mama mdogo ni mama. Desturi zetu nyingi nimezihoji mpaka watu wa nyumbani wakachoka. Hii nimeiacha ilivyo kwa sababu inanifaa. Na kama Kiswahili changu kitakushinda njiani, maana najua wewe unakisikia halafu unajibu kwa Kizulu, mpe mama yako akusomee.

Nataka kukueleza habari za Shangazi Mapendo, yule unayemwita Bibi wa Bertrams. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa kule Bukavu kabla vita havijatuleta huku, na alipofika Johannesburg akafungua saluni ya kusuka nywele mtaani Bertrams. Usimdhanie mzee mpole wa kukaa pembeni. Shangazi alijipenda, na alilisema waziwazi. Jumapili mchana, baada ya ibada, alikuwa akinipeleka Newtown tukae kwenye benchi tuwatazame wapita njia, naye akiwapa alama kama anayesahihisha mitihani. Yule koti zuri, lakini viatu vimemwangusha. Huyu amevaa kila alicho nacho, kesho atavaa nini? Yule kijana wa soksi nyekundu, mwangalie vizuri, yule anajua anachofanya.

Mimi nilikuwa namaliza chuo kikuu, na kila nililoliona nilitaka kulifungua nione ndani kuna nini. Nikamwambia mitindo ni ujanja wa wenye maduka, kwamba tunabadilishiwa rangi kila mwaka ili tuzionee aibu nguo zilezile tulizozipenda mwaka jana. Nilitegemea abishe. Hakubisha. Alisema hata yeye anaamini hivyo, ndiyo maana miaka yote hiyo alikuwa akichagua kutoka kabatini mwake badala ya kununua. Basi, nikamuuliza, kama unajua ni ujanja, kwa nini ujisumbue asubuhi nzima mbele ya kioo?

Akaniangalia kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. "Aliyenialika amefagia nyumba, amepika, ametandika meza. Mimi naleta nini? Najileta mwenyewe. Basi nijilete vizuri."

Jibu hilo nimeligeuzageuza miaka hii yote nikitafuta kasoro. Bado sijaipata.

Sasa ije ile Jumamosi. Binamu yangu Faida alikuwa anaolewa. Mama yake alifariki Faida akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na Shangazi Mapendo ndiye aliyemlea, akamvusha mipaka, akamsomesha. Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba yeye ndiye atakayemwingiza ukumbini na kumkabidhi kwa wakwe.

Lakini unajua harusi zetu. Kuna komite, na komite ina prezidenti, na Mama Prezidenti wa komite ile alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Kama ilivyo desturi, komite ikachagua sare ya familia, kitambaa kimoja kitakachovaliwa na ndugu wote wa upande wa bibi harusi. Walichagua satini nyepesi ya rangi ya shampeni, mshono wa mabega wazi. Waliiona kwenye picha ya harusi iliyofungwa nyumbani, wakaipenda papo hapo. Hilo ndilo kosa letu sisi. Tunaishi hapa miaka nenda miaka rudi, lakini tukianza kupanga harusi, akili hurudi nyumbani Kivu. Hakuna aliyejiuliza mwezi wa nne ukoje hapa, jinsi asubuhi inavyouma, mchana jua linavyokudanganya uvue sweta, na jua likishuka tu nyuma ya mapaa, baridi inavyopanda kutoka sakafuni kama maji.

Shangazi alijiuliza. Aliwaambia kwenye kikao cha kwanza, akawaambia tena kwenye cha pili, wakacheka wakasema uzee umemwingia mifupani. Akawaambia basi, yeye sare hiyo hashoni. Sare kwa jumla hakuzichukia. Alikuwa nazo kabatini za kutosha. Nyingine, alisema, zimedumu kuliko ndoa zenyewe.

Mama Prezidenti hakucheka. Alitangaza mbele ya wote kwamba asiye na sare hakai meza ya familia, na asiyekaa meza ya familia hamwingizi bibi harusi. Hayo ndiyo yaliyokuwa hatarini, mwanangu: mwanamke aliyemlea mtoto peke yake alikuwa anakaribia kumtazama mtoto huyo akikabidhiwa na mtu mwingine.

Nilikwenda kumsihi. Nilimwambia, mimi ambaye siku zote nilizisema sare vibaya, kwamba avae tu hiyo satini kwa siku moja, kisha aitupe. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipiga pasi. "Nikiivaa mimi pia," akasema, "tutatetemeka sote. Nani atamfunika mwenzake?"

Siku tatu kabla ya harusi alinifundisha kitu ambacho sikufundishwa chuoni. Alitoa kila nguo kabatini, akazitandaza kitandani mchana kweupe, karibu na dirisha, kwa sababu taa ya umeme, alisema, inasema uongo kuhusu rangi. Hakuanza na gauni. Alianza na viatu, buti zake nyeusi za kisigino kifupi, akatembea nazo chumbani akakaa akasimama akacheza hatua mbili za muziki ambao haukuwepo. Viatu vikakubalika. Kutoka hapo akapanda juu.

Chini kabisa aliweka gauni jeusi la mikono mirefu. Nikamshika mkono. Gauni lile nililijua, tulizika nalo watu. Nikamwambia huwezi kwenda harusini na nguo ya msibani, watu watasema.

"Gauni halijui lilikwenda wapi," akanijibu. "Wanaojua ni watu, na watu nitawapa kitu kingine cha kutazama."

Kitu kingine kilikuwa kitenge cha zamani, cha enzi zake za ualimu, chenye rangi ya haradali na zambarau iliyokolea, ambacho kufuliwa kulikuwa kumekilainisha kama ngozi ya mtoto. Alikifunga kiunoni juu ya gauni, kirefu, na kipande kilichobaki akakifanya kilemba. Juu akavaa jaketi la mahameli la rangi ya divai, ambalo kwa kawaida hulivaa na suruali akienda benki. Halafu shali pana ya sufu, ya rangi ya mchanga, aliyokuwa akijifunika nayo akitazama televisheni. Shali ya televisheni! Aliitupa begani mara moja, akaibana kwa pini ya dhahabu ya bandia, na ghafla ilionekana kana kwamba ilifumwa kwa ajili ya siku ile. Alipotazama kioo akaona mkufu, hereni na pini vinagombana. Akavua hereni. Chini ya yote akavaa pamba, kwa sababu hewa ya hapa ikikauka, nailoni hung'ang'ania miguu na kutoa cheche, na hakuna anayependeza huku akijibandua sketi.

Nilimtazama nikasema moyoni: huyu mama hakununua hata kifungo.

Siku ya harusi ukumbi ulikuwa Malvern, karibu na Barabara ya Jules. Sherehe ilitangazwa kuanza mchana, na kwa kuwa ni sisi, saa za alasiri mapambo ndiyo kwanza yalikuwa yanafungwa. Shangazi alifika mapema. Mama Prezidenti alimpokea mlangoni kwa heshima zote, akamsifia kilemba, akamwonyesha kiti kwenye meza ya mwisho karibu na mlango, pamoja na majirani. Shangazi akashukuru akaketi, mgongo wima. Nilikuwa mbali, lakini niliona jinsi alivyoikunja leso yake mkononi, akaikunjua, akaikunja tena.

Jua likashuka. Gari la bibi harusi lilikuwa limekwama kwenye robot, taa za barabarani, zilizozimika, na lilipofika, kigiza kilikuwa kimeanza na upepo ukipeperusha majani makavu uani. Akina mama walikwisha kutandaza vitenge vyao chini, kutoka langoni hadi mlangoni, ili Faida akanyage juu yake. Nao walikuwa wamejipanga pande zote mbili ndani ya satini zao, mabega wazi, wakijaribu kuimba. Sauti zilitetemeka. Mmoja alikuwa amevaa juu ya shampeni koti la ulinzi la mumewe, lenye mistari inayong'aa. Mwingine alijifunga taulo.

Faida aliteremka na gauni lake la satini ileile ya shampeni, mabega wazi, akasimama. Alikuwa mzuri, na alikuwa anatetemeka kiasi kwamba maua mkononi mwake yalikuwa yakidondosha petali. Mpiga picha alimwomba atulie. Hakuweza, meno yalikuwa yakigongana. Mjomba mmoja akamletea koti jingine la ulinzi, naye akalitazama machozi yakamjaa, kwa sababu hakuna msichana anayeota kuingia harusini kwake akifanana na mlinzi wa maegesho. Mama Prezidenti alikuwa pembeni yake, tayari kumshika mkono waingie. Naye midomo ilikuwa imebadilika rangi.

"Eish, mniitie Shangazi," Faida akasema.

Mama Prezidenti akaanza kueleza habari za sare. Faida hakuinua sauti. Alisema tu kwamba hapigi hatua hata moja.

Shangazi alitoka kwenye meza yake ya mlangoni akapita juu ya vitenge vile bila haraka. Hakuuliza kitu. Alifungua pini, akavua shali akanipa mimi niliyesimama karibu nishike, akavua jaketi la mahameli, akamvalisha Faida, akaikunja mikono kidogo ili bangili zionekane, akalifunga kifungo kimoja tu cha katikati. Divai juu ya shampeni. Mwanangu, ungeapa kwamba ndivyo lilivyopangwa tangu mwanzo. Faida alivuta pumzi, na maua yakatulia.

Kisha Shangazi akachukua shali mkononi mwangu, akamgeukia Mama Prezidenti. Nilijua ulimi wake. Nilingoja amchome. Alimzungushia ile shali mabegani, akaibana kwa pini yake ya dhahabu ya bandia, akarudi nyuma hatua moja kumkagua kama alivyokuwa akikagua watu Newtown. "Umependeza, mama," akamwambia. "Hii nguo niliivaa iwe ya watu watatu."

Na yeye mwenyewe? Nilimtazama nikitegemea kuona mtu aliyevuliwa. Alikuwa amebaki na gauni jeusi la mikono mirefu, kitenge cha haradali, kilemba, na mkufu mmoja. Alikuwa amependeza kuliko alipofika. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akikipanga juu ya kile kitanda: kila tabaka lilikuwa na uwezo wa kusimama peke yake likiondolewa la juu yake.

Faida akaupitisha mkono wake chini ya mkono wa Shangazi, akaubana. Mama Prezidenti aliwatazama wawili hao, akaishika shali vizuri shingoni, kisha akapiga kigelegele cha kwanza. Waliingia hivyo, na meza ya familia ikasogezewa kiti. Shangazi aliketi katikati ya satini zote zile na kitenge chake, akamkabidhi mtoto wake kwa wakwe kwa Kifaransa kirefu ambacho nusu ya ukumbi hawakukielewa na wote walikipigia makofi.

Usidhani namkubalia kila kitu. Bado tunabishana kuhusu visigino virefu, na kuhusu kama mwanamke anaweza kwenda kanisani na suruali, na siku nyingine huwa nashinda. Lakini kwenye hili sina hoja.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kabla hujasema huna cha kuvaa, toa nguo zako zote mwangani, kitandani, mbele ya dirisha. Anza na viatu utakavyoweza kusimama navyo mpaka mwisho wa sherehe. Usivae ya mchana peke yake, wala ya usiku peke yake. Majira haya yana vyote viwili ndani ya siku moja. Chini weka kitu cha rangi iliyotulia, hata kama kina historia ya huzuni, na juu yake kitu kimoja tu cha kuongea kwa sauti. Sweta la nyumbani, koti la kazini, kitenge cha bibi, vikutanishe ambavyo havijawahi kukutana. Ukifika mbele ya kioo, vua kimoja. Na usiende na nguo inayokutosha wewe tu. Pale mlangoni patakuwa na mtu aliyedanganywa na jua la mchana.

Mungu akujalie mialiko mingi na wenyeji wanaofurahi kukuona ukiingia. Akupe mabega yenye joto, na mikono isiyoona uzito kuvua koti kwa ajili ya mwingine. Na kila utakapotoa tabaka moja, akukute ungali umependeza.